Bei ya Ngozi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Neno hili ni kweli katika soko la nguo, la samaki na la matunda, ambako mnunuzi hutazama, hushika, hunusa, kisha akalipa. Walakini iko biashara moja iliyoipindua methali hii kichwa chini miguu juu. Katika biashara ya vitabu vikuukuu, kitabu chenye neno hujitembeza mlango kwa mlango mpaka kikafia njiani, na kitabu ambacho hapana aliyekisoma tangu kilipotoka mikononi mwa mjalidi hujiuza asubuhi ya kwanza, kwa sababu ya ngozi iliyo mgongoni mwake na dhahabu iliyo juu ya ngozi.

Wenye kazi huviita vitabu vya namna hii vitabu vya pambo. Havinunuliwi kwa kusomwa, wala kwa kuhesabiwa, bali kwa kupimwa. Mpamba nyumba wa London au New York huja na utepe wake, akapima rafu za tajiri wake, akaagiza mita sita za ngozi ya kahawia na mita mbili za ngozi nyekundu, kama aagizavyo kitambaa cha pazia. Kitabu chenye unene wa sentimita 3 hakina makuu. Mita moja humeza vitabu 33 vya unene huo, na mita sita humeza karibu 200. Waandishi 200 waliokesha kwa taa ya mafuta wakitunga, wakafuta, wakatunga tena, wameingia nyumbani kwa mtu pasipo kuulizwa majina yao. Duka la Strand la New York, lililofunguliwa mwaka 1927, limekuwa likiuza vitabu kwa futi tangu miaka ya 1980, wala halifichi. Watengenezaji wa filamu na wenye mahoteli ni miongoni mwa wateja wa huduma hiyo. Uingereza nako wako wauzaji ambao hawana kazi nyingine ila hiyo. Si siri, wala si uhalifu. Ni jambo lililo wazi, na kwa kuwa li wazi limezoeleka, na kwa kuwa limezoeleka hapana aulizaye linagharimu nini.

Namna vitabu hivi vinavyothaminiwa yapasa kuelezwa kwa utuo, maana hapo ndipo kosa lilipo. Mthamini wa pambo huanza na kimo. Vitabu vya kimo kimoja hupata bei kuliko vile vinavyopanda na kushuka kama meno ya mtoto. Kisha huja kwenye rangi: ngozi ya ndama iliyoiva kwa umri ikawa kama asali hupendwa sana, na ngozi ya mbuzi iliyotiwa rangi nyekundu au kijani huifuata, nyeusi haina wapenzi wengi, kwa kuwa inafanana na vitabu vya sala. Hutazama mgongo, mistari yake iliyoinuka, nakshi za dhahabu baina ya mistari, na vibandiko vya jina, kimoja chekundu na kimoja kijani. Hujaribu maungio, yaani pale jalada linapokunjika juu ya mgongo, kwa sababu maungio yaliyopasuka huonekana na mgeni. Mwisho huhesabu juzuu. Juzuu 20 zilizovaa sare huzaa bei kubwa kuliko juzuu 20 zilizovaa kila moja nguo yake. Baada ya hapo kazi yake imekwisha. Hakufungua hata kitabu kimoja.

Ndiyo maana katika bei za pambo hupatikana maajabu. Hotuba za makasisi wa karne ya 18, ambazo hata waumini wao huenda walizisinzia, zimepata makao sebuleni mwa watu wasiokwenda kanisani. Ripoti za mahakama za Kiingereza, zilizojalidiwa kwa ngozi nyeupe-nyeupe na vibandiko vyekundu na vyeusi, zilikuwa mzigo kwa mawakili siku kompyuta zilipoingia afisini mwao. Sasa husimama nyuma ya watu katika matangazo ya televisheni, zikishuhudia wema wa bima. Riwaya za Walter Scott, katika lile toleo la juzuu 48 lililotoka baina ya 1829 na 1833, huuzwa na watu wasiojua kisa chao kwa watu wasiotaka kukijua. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili: vitabu vya Kidenmaki na vya Kiswidi vyenye migongo ya ngozi huvushwa bahari makasha kwa makasha, kwenda kwa wanunuzi wasioweza kusoma neno moja la lugha hizo, na kutosomeka huko huhesabiwa kuwa faida. Kitabu kisichosomeka hakitolewi rafuni, na kisichotolewa hakichakai.

Muuza vitabu aliyefundwa kazi yake huanza pale mwenzake alipomalizia. Yeye hufungua. Husoma ukurasa wa anwani, akatafuta mwaka na chapa. Huhesabu karatasi mkunjo kwa mkunjo, aone kama hapana iliyopotea. Hulinganisha picha na ramani na orodha yake. Hutazama jina lililoandikwa kwa wino juu ya karatasi ya kwanza, na husoma maneno yaliyo katika pambizo, hata yakiwa ya mkono mbaya. Jalada halidharau, lakini hulihoji kama shahidi. Je, ni la zama za kitabu, au kitabu kimevuliwa lake kikavikwa la jirani? Mgongo ni ule ule, au umebandikwa upya? Kwa mtu huyu kitabu chembamba chenye jalada la karatasi chaweza kuwa na thamani kuliko rafu nzima, na rafu nzima yaweza kuwa kuni.

Yafaa ikumbukwe ngozi hiyo ilitoka wapi. Mpaka mwanzo wa karne ya 19 kitabu cha Ulaya aghalabu kiliuzwa kikiwa karatasi zilizoshonwa, au kikiwa na jalada duni la muda, na mnunuzi akakipeleka kwa mjalidi akivike kwa kadiri ya mfuko wake. Ni katika miaka ya 1820 ndipo watoa vitabu wa London walipoanza kuvika toleo zima kitambaa kimoja, na katika muongo uliofuata dhahabu ikaanza kupigwa juu ya kitambaa hicho. Kwa hiyo ngozi ya 1780 haikunena neno juu ya kitabu. Ilinena juu ya mwenye kitabu. Anayeinunua leo na kuiweka ukutani amenunua fahari ya marehemu asiyemjua, akaivaa kama kanzu ya mtu mwingine siku ya harusi.

Ugonjwa wenyewe si wa jana. Seneca, mwanafalsafa wa Rumi wa karne ya kwanza, aliwasuta watu waliofanya vitabu kuwa mapambo ya vyumba vya kulia chakula. Karne moja baadaye Lucian, mtu wa Shamu aliyeandika kwa Kiyunani, alimtungia risala nzima ya kebehi mjinga mmoja aliyenunua vitabu vingi. Samuel Pepys wa London, katika karne ya 17, alitengenezewa vipande vya mbao vilivyovikwa ngozi, akaviweka chini ya vitabu vifupi ili vichwa vya vitabu vyake vyote viwe sawa. Huyu asamehewe, maana vitabu vyake alivisoma, na juzuu zake 3,000 zingali chuoni Magdalene, Cambridge, katika makabati yake mwenyewe. Charles Dickens naye mwaka 1851 alimwagizia mjalidi migongo ya vitabu visivyokuwapo duniani, yenye majina ya mzaha aliyoyabuni, apambie chumba chake cha kazi. Dickens alikuwa na adabu kuliko wapambaji wengi waliomfuata. Alipohitaji vitabu vya uongo alivitunga. Hakukata migongo ya vitabu vya kweli na kuigandisha juu ya mlango wa kabati, kama ilivyofanywa na inavyofanywa.

Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi ya korona wakawa wanasemezana kwa kompyuta, rafu ya vitabu nyuma ya msemaji iligeuka hati ya elimu. Walioikosa waliitafuta. Kadhalika umezuka mtindo wa kupanga vitabu kwa rangi, na mwingine wa kugeuzia migongo ukutani, ili karatasi zilizofifia zionekane zote za rangi moja. Mtindo huu wa mwisho wastahili sifa kwa ukweli wake, kwa kuwa umekiri mbele ya watu kwamba jina la kitabu halihitajiki.

Hata kwa kipimo chake chenyewe biashara hii si salama. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Ngozi nyingi za mwisho wa karne ya 19 zilitengenezwa kwa haraka kwa dawa mbaya, nazo zikavuta moshi wa taa za gesi, zikaanza kugeuka unga mwekundu unaochafua vidole. Huko London iliundwa kamati ya uchunguzi mwaka 1900, kwa sababu maktaba zilikuwa zikimeguka rafuni. Na vitambaa navyo vina siri yake. Mwaka 2019 wataalamu wa jumba la makumbusho la Winterthur, katika jimbo la Delaware, Marekani, walianza kupima majalada ya kijani kibichi ya karne ya 19, wakakuta baadhi yake yametiwa rangi iliyochanganywa na arseniki, sumu ile ile ya panya. Mwaka 2024 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iliondoa rafuni vitabu vinne vyenye majalada ya kijani kwa hofu hiyo hiyo. Kijani hicho ndicho ambacho wapambaji hukisifu kwa kuchangamsha chumba. Mtu anayekishika kwa kujua atavaa glavu. Mtu aliyeuziwa kwa mita hajui ana nini mezani karibu na sahani yake.

Lakini hasara kubwa haipo katika vitabu vinavyonunuliwa kwa mita. Ipo katika vile vinavyoachwa. Hapa msomaji wa Kiswahili anaguswa mwilini mwake.

Achukuliwe mfano ulio wa kawaida. Katika mji mdogo kusini mwa Uingereza nyumba inafungwa. Babu wa nyumba hiyo alikuwa mwalimu wa misheni Unguja, au bwana shauri Tanganyika. Amekwisha kufa zamani, na sasa amefariki binti yake, na wajukuu wanataka nyumba iwe tupu kabla ya mwezi kwisha. Anaitwa muuza vitabu. Ana saa mbili na gari moja. Sebuleni mna kabati lenye kioo, na ndani yake Scott katika nusu ngozi, historia ya Rumi katika ngozi ya ndama, na washairi wa Kiingereza wenye kingo za dhahabu. Anautoa utepe. Darini pana sanduku la bati. Analifunua, anaona vijitabu vyembamba visivyo na migongo, magazeti yaliyofungwa kwa kamba, na daftari lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hajui lugha. Hakuna ngozi. Analifunika. Kesho yake sanduku linatoka pamoja na masufuria na mito ya viti, na baada ya juma moja limesagwa likawa karatasi ya kufungia mayai.

Hapana aliyekusudia ubaya. Na ndani ya sanduku mngeweza kuwamo nini? Mngeweza kuwamo nakala ya kitabu cha Edward Steere cha kufundishia lugha ya Unguja, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, na pambizoni masahihisho ya mwalimu wa Magila aliyeijua lugha kuliko askofu. Mngeweza kuwamo matoleo ya Msimulizi, gazeti lililoanza kuchapwa Kiungani mwaka 1888, ambamo vijana wa Kiafrika waliandika habari za shule, za safari na za makwao kwa maneno yao wenyewe, kabla Ujerumani haijaitawala Bara sawasawa. Mngeweza kuwamo Habari za Mwezi za Magila za miaka ya 1890, au Mambo Leo yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 1923, ambayo kurasa zake zilikuwa uwanja wa washairi wa pwani na bara kwa miaka mingi. Karatasi za namna hii hazikujalidiwa kwa ngozi, maana hazikuwa za matajiri. Zilisomwa, zikaazimwa, zikakunjwa mfukoni, zikalishwa mende. Zilizosalia zimesalia kwa bahati, na aghalabu bahati hiyo ilikuwa ni sanduku la bati katika dari ya nyumba ya mbali.

Historia yote ya maandishi ya Kiswahili yaliyochapwa imevaa nguo za kazi. Maisha ya Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, yalitoka kwanza katika jarida la wataalamu wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Desturi za Wasuaheli, zilizoandikwa kwa sehemu kubwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, zilichapwa Göttingen mwaka 1903, na jina lililokaa juu ya jalada ni la Carl Velten. Kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882, iliyobeba maneno ya Mombasa ambayo wengine wameyasahau, ni kitabu kinene chenye kitambaa cha kawaida. Katika hesabu ya mita ni sentimita chache tu. Shaaban Robert aliita kitabu chake kimoja Pambo la Lugha, nacho kilichapwa Johannesburg kikiwa kitabu chembamba. Mpamba nyumba angeliona neno pambo juu ya jalada lake asingetambua kwamba lingemhusu.

Watetezi wa biashara hii wana hoja, na yafaa zisikizwe. Husema kwamba vitabu hivi vingesagwa kama si wapambaji. Kwamba ukuta wa hoteli ni kimbilio, na ngozi ndiyo iliyokiokoa kitabu. Husema pia kwamba muuza vitabu hulipa kodi ya duka, hulipa umeme, hulisha watoto, na kwamba mita moja ya ngozi hulipa kodi ya mwezi, ilhali kijitabu cha misheni hukaa miaka mitatu pasipo kuulizwa. Hoja ya pili ni kweli, na mwenye kuidharau hajapata kuuza kitu. Hoja ya kwanza ina kweli nusu. Zipo nakala za Scott kwa maelfu, na fasihi ya ulimwengu haitakonda kwa sababu seti moja imetundikwa juu ya baa. Hapana aliyedai kwamba kila karatasi iliyopigwa chapa ihifadhiwe kama mfupa wa walii. Lakini neno kuokoka litumiwe kwa heshima. Mbuzi aliyechinjwa, ngozi yake ikawambwa ngomani, hasemwi kwamba ameokoka.

Na ikiwa ngozi huokoa, ngozi pia huua. Wako wakataji ambao hununua vitabu vya safari ili wavichane. Vitabu vya Richard Burton vya 1860 na 1872, cha John Speke cha 1863, na cha Stanley cha 1890 vina picha na ramani, na ramani iliyotiwa fremu hupata mnunuzi upesi kuliko kitabu kinachoeleza ramani hiyo. Basi kitabu huuzwa kama mnyama buchani: ramani kwa mwenye fremu, picha kwa mwenye hoteli, na kiwiliwili, kama kina mgongo mzuri, kwa mpamba nyumba, ambaye hatajua wala hatajali kwamba ndani yake pana vidonda. Burton alikuwa na jicho kali na ulimi mchafu juu ya watu wa pwani, na yako mengi katika kurasa zake yapasayo kukanushwa. Lakini hayawezi kukanushwa na mtu aliyebakiziwa ramani peke yake, iko ukutani, chini ya taa ya rangi.

Shitaka, basi, si kwamba Scott ameuzwa kwa mita. Shitaka ni kwamba utepe umetoka mkononi mwa mpamba nyumba ukaingia mkononi mwa muuza vitabu, naye ameufanya kuwa jicho lake. Jicho lililozoea kutafuta ngozi halioni kisicho ngozi. Kijana anayeingia kazini sasa hufundishwa rangi na vimo kabla ya kufundishwa kuhesabu mikunjo, na wengine hawafundishwi kuhesabu mikunjo hata siku moja. Akiachiwa sanduku la bati hatalinyima thamani kwa uchoyo. Atalinyima kwa upofu, na upofu wa namna hii hauna daktari, maana mgonjwa anaona vizuri sana.

Asidhani mtu kwamba uzuri wa kitabu unashitakiwa. Katika pwani hii hapakuwa na uadui baina ya pambo na neno. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, imepambwa kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano, na nakshi zake zina kazi: humwonyesha msomaji mahali sura inapoanza na mahali juzuu inapogawanyika. Nakshi hizo zafungua kitabu, hazikifungi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchonga milango, mshairi na mwandishi wa hati nzuri kwa pamoja. Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimwagizia nakala za tenzi, naye akaziandika na nyingine akazipamba, na sehemu ya kazi hiyo ingali katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Wateja wake walikuwa Wazungu, na bila shaka walipenda pambo. Lakini walilipia utenzi, na utenzi ukawafikia mzima. Katika nyumba za mawe za Lamu, zidaka za ukutani zilikaa sahani za Kichina, na vitabu pia. Sahani ilikuwa ya kutazamwa na kitabu kilikuwa cha kusomwa, na hapana mtoto aliyepoteza tofauti hiyo kwa kuwa vimekaa pamoja.

Wala wenye shahada wasitabasamu wakidhani kwamba kosa hili ni la wafanya biashara peke yao. Maktaba za vyuo nazo zina utepe wake. Kwa miaka mingi zilipokuwa zikijalidi magazeti na vijitabu, zilitupa majalada ya karatasi, zilikata pambizo ili kingo ziwe sawa, kisha zikavika kila kitu kitambaa kigumu cha rangi moja na namba nyeupe mgongoni. Majalada yaliyotupwa yalikuwa na bei, tarehe, jina la mchapaji, matangazo ya sabuni na ya baiskeli, na pengine jina la mtu aliyelinunua gazeti hilo Tanga au Kilwa. Pambizo zilizokatwa zilikuwa na majibu ya wasomaji. Mtafiti anayetaka kujua kijitabu cha Kiswahili kiliuzwa kwa bei gani mwaka fulani, na kwa nani, hukuta kitambaa kizuri sana. Pepys aliongeza mbao chini ya vitabu vifupi. Maktaba zilifupisha virefu. Na mpaka leo wako wasomi ambao wakipewa wosia wa vitabu vya marehemu mwenzao huchagua vyenye majalada, wakaviacha vijitabu kwa mfagizi.

Jambo linalotakiwa kwa muuza vitabu si kubwa. Auze ngozi yake kwa mita akipenda, maana kodi ya duka haingoji. Lakini kabla ya kupima, afungue. Akiona juzuu imekamilika na ina neno, aitoe katika mita na kuiuza kwa jina lake. Asimuuzie mkataji kitabu kizima. Na sanduku asilolijua lugha yake asilifunike. Alipige picha, aandike limetoka nyumba ya mtu wa kazi gani na wa nchi gani, alipeleke kwa anayejua. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na siku hizi picha huvuka bahari kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo linapotolewa neno la mwisho la utetezi, ambalo kila mwenye duka amelinena: kwamba mnunuzi wa karatasi hizo hayupo. Yupo. Yupo Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Mombasa. Yupo Hamburg na Bayreuth, Napoli na Leiden, ambako Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi na watu wenye akiba ndogo na hamu kubwa. Wanunuzi hao husoma orodha za vitabu vikuukuu usiku, baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Wakitafuta Msimulizi, hukuta Scott. Huandika barua kwa wauzaji wawaulize kama yapo maandishi ya Kiswahili, wakajibiwa kwa adabu kwamba hayapo. Na anayewajibu hasemi uongo, kwa kuwa sanduku halikuandikwa katika orodha, na lile gari lilikuwa limekwisha kujaa.